Umefeli Hören (kusikiliza) ya mtihani wa Kijerumani B1? Pima kwanza kabla hujaambiwa "sikiliza sana"

Kila unapokaribia mtihani wa Kijerumani nasikia malalamiko yaleyale, kutoka kwa manesi, kutoka kwa vijana wanaotafuta Ausbildung (mafunzo ya kazi Ujerumani), kutoka kwa dada ambaye Lesen (kusoma) kapata 80 na Sprechen (kuongea) kapata 85 halafu Hören kaambulia 47. Na karibu wote wameshapewa dawa moja, "wewe sikiliza sana tu, sikio litazoea." Hiyo ni sawa na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kumtoa damu. Wapo wanaopona kwa bahati, wengine wanasikiliza miezi sita na maksi ziko palepale, hela ya mtihani inaliwa mara ya pili mara ya tatu mpaka mtu anaamini kabisa kwamba yeye lugha haimuingii. Inamuingia, shida ni kwamba hajajua inakwamia wapi.

Hapa naongelea Goethe-Zertifikat B1, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kati, maana ndio wengi wetu huku tunaufanya, Dar, Nairobi, Kampala, ila dalili zenyewe utazikuta kwenye mtihani wowote wa kusikiliza.

Tukumbushane mtihani ulivyo. Kama dakika 40, maswali 30, sehemu nne, kila moja inaitwa Teil. Teil 1 ni rekodi tano fupi, ujumbe wa simu, tangazo la stesheni, redio, unasikia mara mbili, maswali 10. Teil 2 mtu mmoja anaelezea kitu, mfano anawatembeza wageni, unasikia MARA MOJA, maswali 5. Teil 3 watu wawili wanaofahamiana wanapiga stori, mara moja tena, maswali 7 ya kweli au si kweli. Teil 4 mjadala wa redio, mara mbili, maswali 8 ya nani kasema nini. Kufaulu ni pointi 60 kati ya 100, yaani upate 18 kati ya 30. Kumbe unaruhusiwa kukosa 12! Shika hiyo namba, nitairudia.

Kipimo cha kwanza, kila mtu afanye

Nenda kwenye tovuti ya Goethe-Institut, wenye mtihani huu, shusha Modellsatz (mtihani wa mfano) ya B1, ni bure, ina rekodi na maandishi ya rekodi nzima. Fanya Hören yote bila kusimamisha, sahihisha. Sasa chukua yale uliyokosa tu, fungua maandishi yake, usome kimya bila rekodi.

Ukisoma ukaelewa vizuri tu ila kwenye rekodi ulikuwa hujaelewa, shida yako ni sauti, sikio halijafahamiana na maneno ambayo macho yanayajua. Ukisoma na bado huelewi, basi hiyo sio shida ya kusikiliza kabisa, ni msamiati na sarufi, na hata ukisikiliza redio usiku kucha haitasaidia, rudi kwenye kitabu. Ukikuta ulielewa kwenye rekodi, umeelewa kwenye maandishi, na bado ulichagua jibu baya, shida ni namna unavyojibu, umeingia kwenye mtego. Andika pembeni ya kila kosa S, M au N (sauti, msamiati, namna). Herufi itakayojirudia zaidi ndio ugonjwa wako. Nusu saa tu. Mimi mwenyewe nilipofeli kwa kupata maswali 16 tu nilikuwa na uhakika asilimia mia ni kasi ya wasemaji, kupima nikakuta makosa tisa ni N.

Dalili: "Wanaongea haraka, nasikia kama neno moja refu"

Hii ndio naisikia kuliko zote. Sababu ya kwanza, na ya kawaida kabisa, ni kwamba neno ulijifunza kwa macho. Uliliandika kwenye daftari, ukakariri maana, hujawahi kulisikia likitamkwa na mtu mwenye haraka zake. Kiswahili kinatamka kila silabi kwa ukamilifu, ma-ta-ti-zo, hakuna inayoonewa. Kijerumani kinakandamiza silabi moja kwa nguvu halafu zingine kinazimeza, "haben" inabaki kama "habm", "haben wir" inakuwa "hamwa", "hast du" inakuwa "haste", na "ein" inabaki "n" tu imening'inia mbele ya neno. Sasa wewe unasubiri "haben wir" kamili kama ilivyo kitabuni, haiji, na ukisubiri sentensi imeshapita.

Cheki rahisi: chukua sekunde 20 za rekodi, andika kila unachosikia, rudia hata mara nane, halafu fungua maandishi ulinganishe. Usiangalie maneno magumu uliyokosa, angalia maneno RAHISI uliyokosa, "es", "ihn", "mir", "denn". Kama yapo mengi, sababu ni hii.

Tiba: hizohizo sekunde 20, ukishajua kila neno, sema pamoja na rekodi, juu ya sauti ya msemaji, mpaka mdomo wako nao umeze kama anavyomeza yeye. Dakika kumi na tano kwa siku inatosha. Mdomo ukijua kumeza, sikio linatambua kilichomezwa.

Sababu ya pili ni irabu. Kijerumani kinatofautisha irabu fupi na ndefu, "Stadt" ni mji na "Staat" ni dola, konsonanti zilezile kabisa. Hili kwetu sio geni, tunajua "paka" na "pakaa", "kata" na "kataa", ila ukisikia Kijerumani unasahau kwamba una kipaji hicho. Zile ü na ö kweli hatuna, hizo inabidi ujifundishe upya, "schon" ni tayari na "schön" ni nzuri. Na kwa wale ambao lugha ya nyumbani haitenganishi l na r, angalieni "Reise" na "leise", moja ni safari nyingine ni kwa sauti ya chini. Mwambie mwenzako akusomee jozi kama hizo bila mpangilio na wewe unyooshe kidole, ukikosa zaidi ya tatu kati ya kumi hapo pana kazi.

Sababu ya tatu, hii inaniuma kwa sababu inasababishwa na juhudi: unasikiliza vitu vya taratibu tu. Deutsche Welle, hawahawa wenye idhaa ya Kiswahili tuliyokua nayo, wana habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, ni nzuri sana ukiwa A2, ngazi ya chini yake, kwenda B1, lakini wana na habari za kasi ya kawaida. Sikiliza ya polepole mara moja halafu ya kawaida mara mbili. Ukibaki kwenye polepole sikio linazoea polepole.

Dalili: "Namba na saa zinanipita"

Hapa nitakaa maana hapa sisi Waswahili tuna mzigo ambao wengine hawana.

Namba kwanza. Sisi tunasema themanini na saba, Mjerumani anasema "siebenundachtzig", saba na themanini. Ukisikia "sieben" mkono unaandika 7, halafu inakuja "achtzig" unaandika 8, umepata 78, na kwenye karatasi 78 ipo inakusubiri kama jibu, wameiweka makusudi. Tiba ni ya mkono: ukisikia ya kwanza iandike KULIA, acha nafasi kushoto, ijayo ndio uijaze. Au usiandike mpaka neno liishe. Chagua njia moja ubaki nayo, usichanganye.

Kisha "dreizehn" (13) na "dreißig" (30), "vierzehn" (14) na "vierzig" (40). Watu wanahangaika na mwanzo wa neno wakati tofauti iko mwisho, "-zehn" ina irabu ndefu imenyooka na n, "-ßig" au "-zig" ni fupi inaishia na kasauti ka "ich". Na kwenye simu na matangazo utasikia "zwo", hiyo ni "zwei" tu, wanaisema hivyo isichanganywe na "drei".

Sasa saa. "Halb acht" sio saa nane na nusu yao, ni nusu KUELEKEA nane, yaani 7:30. Na wewe kichwani una saa za Kiswahili, kwa hiyo 7:30 ni saa moja na nusu. Angalia safari ambayo kichwa kinafanya: umesikia nane, unatakiwa upate saba na nusu, unataka kuelewa ni asubuhi saa ngapi unapata moja na nusu, na hapo msemaji ameshataja siku na mahali pa kukutana na wewe hupo. Nimeona watu hodari kabisa wanakosa Teil 1 kwa hili tu.

Tiba ni moja: ndani ya chumba cha mtihani saa ya Kiswahili ipumzike. Usitafsiri. Ukisikia "halb acht" andika 7:30 kwa tarakimu na usijiulize ni saa ngapi kwetu. Wiki mbili kabla, badilisha simu yako iwe ya saa 24 na ya Kijerumani, na kila ukiangalia muda useme kwa mdomo, "halb zehn", "Viertel vor drei", "neunzehn Uhr dreißig". Maana matangazo ya treni na redio mara nyingi hutumia saa 24, marafiki wakiongea wanatumia "halb", na mtihani unachanganya zote mbili.

Dalili: "Nimelisikia neno kabisa, nikachagua, nikakosa"

Sababu namba moja: neno ulilolisikia ndio mtego. Kwenye mtihani huu majibu yote matatu mara nyingi yanatajwa kwenye rekodi kwa namna fulani, na jibu sahihi limeandikwa kwa maneno MENGINE. Rekodi inasema "günstig" (bei nafuu), jibu limeandika "nicht teuer" (sio ghali). Kwa hiyo ukikuta jibu lina neno lilelile ulilolisikia, hapo ndio uchelewe kidogo.

Sababu ya pili: mgeuko. Mfano, tangazo linasema "Der Zug nach Köln fährt heute nicht von Gleis 7, sondern von Gleis 12", yaani treni ya Köln leo haiondokei njia ya 7 bali ya 12. Mtu kasikia Gleis 7, kafurahi, kaweka alama, kaacha kusikiliza. Maneno ya mgeuko yakariri kama jina lako: sondern, aber, doch, leider, eigentlich, trotzdem. "Eigentlich" hasa, Mjerumani akianza na "eigentlich wollte ich", jua alitaka lakini haikuwa.

Sababu ya tatu, sentensi yao inaweka maana mkiani. Kwetu ukisema "hatuendi" kukana kumeshaingia mwanzo kabisa, "ha-". Kwao "Das Konzert findet am Samstag wegen des Wetters leider nicht statt", ukikata sikio katikati una tamasha Jumamosi, ukifika mwisho hakuna tamasha. Na vitenzi vya kukatika, "Wir sagen den Termin am Dienstag" halafu unasubiri, ikija "ab" miadi imefutwa, ikija "zu" imekubaliwa. Silabi moja. Zoezi lake: penseli chini mpaka sentensi iishe. Fanya hivyo kwenye kila zoezi kwa wiki nzima, utaona makosa ya N yanapungua bila kuongeza hata neno moja la msamiati.

Dalili: "Nikikosa moja, zinazofuata zote zinaondoka nayo"

Hii inatokea Teil 2 na Teil 3, kule kwa mara moja. Sababu sio sikio, ni kwamba unaomboleza. Swali la 12 limepita, bado unajaribu kulivuta kichwani, rekodi iko 14.

Maswali yanafuata mpangilio wa rekodi. Kwa hiyo ukisikia kitu cha swali la 13, la 12 limekufa, weka jibu lolote la kubahatisha usonge. Jibu baya halikatwi pointi, ni sawa na tupu, kwa hiyo usiache tupu hata moja. Na kumbuka ile 12, una ruhusa ya kukosa. Kabla ya Teil 2, 3 na 4 unapewa sekunde 60 za kusoma, wengi wanasoma mstari kwa mstari mpaka muda unaisha wako swali la tatu. Piga mstari chini ya neno moja tu kwa kila swali, lile linalobeba tofauti, na macho yako wakati wa rekodi yawe kwenye maswali mawili, ulilopo na lijalo.

Dalili: "Teil 4 sijui nani anaongea"

Fupi hii. Mtangazaji huwatambulisha wageni mwanzoni kwa majina, watu wanalala hapo kwa kuwa hakuna swali. Usilale, andika jina na msimamo, anaunga mkono au anapinga, kwa alama ya kujumlisha na kutoa. Mara ya kwanza shughulika na wageni, mara ya pili kamata ya mtangazaji, maana naye ana sentensi zake na ndizo husahaulika.

Dalili: "Nyumbani napata 25, ukumbini 15"

Anza na rahisi. Unarudia Modellsatz ileile? Basi 25 yako ni kumbukumbu. Unasimamisha rekodi "kidogo tu"? Haihesabiki. Unatumia hedifoni nyumbani? Ukumbini unaweza kukuta spika imewekwa mbele, kuna feni, kuna mtu anakohoa, pikipiki nje. Wiki ya mwisho weka spika upande wa pili wa chumba, washa feni, mwombe mdogo wako asinyamaze, fanya Hören nzima mara moja bila kusimama.

Halafu karatasi ya majibu. Unajibu kwanza kwenye karatasi ya maswali, mwisho unapewa dakika 5 kuhamisha. Mtu akiruka mstari mmoja, kuanzia hapo yote yanahama. Hamisha kwa kutaja namba kimoyomoyo, 11 b, 12 a, na ufanye hivyo hata nyumbani. Kijana mmoja niliyefanya naye mazoezi alikuwa anajibu vizuri, karatasi ya majibu ndio ilikuwa inamwangusha, tuligundua baada ya mazoezi manne.

Lafudhi nazo. B1 hii ilitengenezwa na Goethe-Institut pamoja na ÖSD, wenye mitihani ya Kijerumani ya Austria, na Chuo Kikuu cha Fribourg cha Uswisi, kwa hiyo usishangae kusikia sauti ya Vienna au Uswisi, au "Jänner" badala ya "Januar". Saa moja moja ya redio ya Austria kwa wiki inatosha.

Rekodi yenyewe mbovu siku ya mtihani

Sauti ikikwaruza au iko chini, nyoosha mkono HAPOHAPO, kwenye mfano wa mwanzo kabla maswali yenye maksi hayajaanza. Usivumilie kwa adabu. Ukishatoka nje kazi inakuwa ngumu. Kama msimamizi hakusaidia, andika malalamiko rasmi kwa kituo chako haraka, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa maandishi. Usisubiri majibu yatoke.

Acha mazoezi, muone mtu

Muone daktari wa masikio kama hata Kiswahili unaomba watu warudie, kama nyumbani wanakulalamikia sauti ya TV, kama sikio moja limeziba au linalia, au kama s, f na sch zote unazisikia sawa hata kwa mtu aliye mbele yako. Mara nyingine ni nta tu na inasafishwa hospitali kwa muda mfupi. Usiingize pamba ya kijiti, kiberiti wala unyoya wa kuku, unasukuma nta ndani na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Na sikio likizima GHAFLA, ndani ya saa au siku moja, hiyo ni dharura, nenda siku hiyohiyo, mtihani utakuwepo tena. Kama tayari unajua usikivu wako ni mdogo, waambie kituo wakati wa kujisajili, kuna utaratibu wa kuwasaidia wenye mahitaji maalum, lakini hauombwi asubuhi ya mtihani.

Muone mwalimu, na uache kulipia mtihani kwa sasa, kama miezi miwili ya mazoezi ya kweli bado uko chini ya majibu sahihi 12, au kama kwenye kile kipimo M ndio nyingi. Hapo unahitaji kozi, hivi vidokezo havitakufikisha.

Na akija mtu anasema ana karatasi ya mtihani au anakutengenezea cheti, mkimbie. Cheti kinathibitishwa, ubalozi wanakagua, na anayeumia ni wewe, yeye ameshabadilisha laini.

La mwisho kwa waliofeli Hören peke yake: B1 hii imegawanywa kwa moduli, huhitaji kurudia Lesen, Schreiben (kuandika) na Sprechen ulizofaulu. Uliza kituo chako tarehe ya moduli ya Hören pekee na bei yake, na kabla hujalipa fanya kipimo cha S, M, N tena kwa karatasi ambayo hujawahi kuiona. Ukipata 21 au zaidi mara mbili, kalipie.